Mashine ya Mikono ya Mwanaima

Mradi wa karanga wa Nachingwea ulipokufa, vitu vya Wazungu vilimwagwa Lindi kama vyombo vya mtu aliyefukuzwa nyumba. Kulikuwa na viti vya kuzunguka, vyandarua, makabati ya chuma, taa zisizo na vioo, na rundo la mashine za taipu zilizojaa vumbi jekundu la bara. Watu waligombea viti na vyandarua. Ahmadi Pazi alichagua mashine tatu za taipu, zote mbovu, akazipakia kwenye mkokoteni na kuzisukuma mpaka barazani kwake nyuma ya soko, na njia nzima watu walikuwa wanamtania.

"Fundi Pazi, unafungua ofisi ya Bwana Shauri?"

"Nafungua," alijibu bila kusimama, kwa sauti ya mkuu wa wilaya. "Na wewe ndiye nitakayekuandikia kifungo cha kwanza."

Alikuwa fundi wa cherehani, na baada ya cherehani, saa, na baada ya saa, kitu chochote chenye skrubu. Kazi alijifunza Kilwa Kivinje kwa Mhindi mmoja ambaye hakusema ila kwa kukohoa. Akikohoa mara moja, umekosea. Akikohoa mara mbili, fungua uanze upya. Akinyamaza, umefanya vizuri. Labda ndiyo maana Ahmadi naye hakuwa mtu wa kuuliza maswali. Alikitazama kitu, akakigeuza, akakisikiliza, mwisho akakijua. Aliwahi kuoa; mke alivumilia miaka miwili ya springi na misumari kitandani, kisha akarudi kwao kwa amani, na kila walipokutana walisalimiana vizuri.

Aliyebaki naye maishani ni mdogo wake, Mwanaima. Walipishana miaka kumi na minne. Wazazi wao walifariki Kinjumbi katika msimu mmoja wa homa, Mwanaima akiwa na miaka sita, na Ahmadi akamchukua mpaka Lindi, kwa shangazi yao Siti, aliyekuwa akipaka watu hina. Akamtia shule. Mtaani walimwonya kwamba msichana akijua kusoma ataandika barua kwa wanaume.

"Basi angalau ziwe na mwandiko mzuri," Ahmadi alisema.

Katika zile mashine tatu alitoa moja nzima, na barazani pale Mwanaima akajifunza kupiga taipu kwa vidole vyote kumi, kutoka kwenye kitabu kisicho na jalada. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alipoanza kushika kasi, wanawake waliokuja kuchukua cherehani zao walikaa kidogo wasikilize. Mwaka wa 1952 kampuni moja ya mkonge ilimchukua kazini. Hakuna aliyewahi kuona binti Mwafrika amekaa kwenye kiti cha ofisi ile. Karani mkuu, Valentini, Mmwera wa kutoka Mtama, alimweka nyuma ya kabati ili wageni wasisahau kilichowaleta.

"Usidhani nakuficha, binti Pazi," alimwambia. "Naficha kazi yangu. Wakikuona unavyopiga, mimi wataniuliza nafanya nini humu."

Mwanaima alikipenda kiti kile kupita kiasi. Alikuwa mtu wa aibu, mwenye sauti ndogo. Dukani muuzaji alimhudumia baada ya wote. Lakini barua ilipotoka kwenye mashine yake, imenyooka, haina alama ya kufuta wala doa, watu wazima waliisoma na kuitii. Hilo halikuwahi kumtokea kwa mdomo wake.

Katika mwaka wa pili mikono ikaanza kufa ganzi. Kwanza kidole gumba, kisha cha shahada, kisha cha kati. Asubuhi alikuwa akiikung'uta kama mtu anayekung'uta maji. Siku moja kikombe cha chai kikamponyoka, kikamuunguza paja, na alichoshangaa ni kwamba hakusikia kikiondoka mkononi. Shangazi Siti alimkanda kwa mafuta ya ufuta. Daktari wa hospitali alimbonyeza kiganja, akamwambia maneno machache: apumzishe mikono miezi mitatu, asipige taipu hata barua moja. Akiendelea, ganzi itahamia moja kwa moja.

Mwanaima aliyapeleka maneno hayo kwa Valentini, naye hakumdanganya.

"Nikimwambia meneja unataka miezi mitatu, keshokutwa kiti hicho kina mtu mwingine. Nusu ya ofisi za Lindi zimehamia Mtwara, vijana wa taipu wamejaa barabarani. Mimi naweza kukaa kimya. Zaidi ya kukaa kimya siwezi."

Jioni hiyo Ahmadi alimkalisha mdogo wake mbele ya mashine barazani, akamwambia apige, akachuchumaa kumtazama. Alichokiona kilimshangaza kwa kuwa alikuwa amekitazama miaka miwili bila kukiona. Vibonye vilikuwa vimepangwa kwa mistari iliyonyooka, na ili mikono ifike hapo, viwiko vilibana mbavuni, vifundo vya mikono vikapinda kwenda nje, na viganja vikalazwa chini kabisa kama vya mtu anayekandamiza kifuniko kisifunuke. Mashine ilikuwa imekaa kwa raha zake. Aliyejikunja ni mtu.

"Nani aliumbwa mkono hivi?" alisema. "Mashine ndiyo itakayopinda. Mwanaima, usiache kazi. Nipe mpaka Maulidi."

"Daktari amesema miezi mitatu, kaka."

"Daktari anakwambia upumzike kwa sababu hana mashine ya kukupa. Mimi nitakupa."

Shangazi Siti, aliyekuwa anachambua mchele mlangoni, alisema, "Ahmadi, mtoto anaumwa." Lakini Mwanaima alikuwa ameshatabasamu. Tangu ana miaka sita, hakuna kitu alichompelekea kaka yake kikiwa kimevunjika kikarudi kimevunjika.

Jambo la kwanza lilikuwa kujua mkono unakaaje ukiwa haufanyi kazi. Ahmadi aliwatazama watu kwa wiki nzima, na kila mkono aliouona ulikuwa una shughuli: umeshika kiberiti, unafukuza nzi, unasisitiza uongo. Ikafika siku ya mwisho ya Ramadhani. Nyumba ya shangazi ilijaa wanawake waliosubiri zamu ya hina, na Ahmadi alipoleta tende alimkuta Mwanaima ukumbini, keshapakwa mpaka vifundoni, mikono yake yote miwili imewekwa juu ya mto uliofunikwa kanga kuukuu. Ilikuwa imetulia kabisa. Tangu adhuhuri haikuwa imegusa kitu.

"Inauma?" alimuuliza.

"Leo haiumi."

Ahmadi alirudi mbio barazani kwake, akaja na penseli, uzi na karatasi ya mfuko wa sukari. Akaitandaza chini ya mikono ile kwa uangalifu asije akaharibu maua ya shangazi, akachora ukingo wa kila kidole, akapima kwa uzi kutoka ncha hadi ncha. Wanawake walimcheka.

"Fundi, unamshonea glavu?"

"Namshonea mashine. Mwanaima, usitikisike."

"Nani atatikisika na hina mbichi?" alisema Mwanaima.

Ile karatasi aliigongomea ukutani, na kwa miezi mitano ilikuwa ndiyo msahafu wa kazi yake. Aliukata ubao wa vibonye katikati, akaweka nusu huku na nusu huku, kila nusu imeinama nje kama bawa la paa la nyumba. Vile vyuma vinavyobeba herufi havikutosha urefu, akaviunga kwa spoku za baiskeli, kimoja kimoja, akilehemu na kupinda na kulehemu tena. Kila kibonye kilikaa mahali ambapo mchoro ulionyesha ncha ya kidole. Chini aliweka vipande viwili vya mninga, vya kuegemeza viganja, alivyovisugua mpaka vikawa laini kama shavu.

"Pazi, umeipasua mashine kama ng'onda," watu wa sokoni walimwambia, maana kweli ilifanana na samaki aliyepasuliwa akaanikwa.

"Ng'onda haiandiki," alijibu.

Katika miezi hiyo mitano Mwanaima alikwenda kazini kila siku. Alianza kufunga fundo la kanga kwa meno. Alianza kula kwa kijiko, akasema ni mazoea ya ofisini. Nyama ya chini ya kidole gumba, ile inayojaa mtu akikunja ngumi, ikawa inapungua, na Ahmadi aliiona. Aliiona vizuri sana, kwa kuwa katika mwaka ule hakuna alichokitazama kama mikono ya watu. Mara mbili Mwanaima alisimama mbele ya meza yake, na mara zote mbili Ahmadi alimwambia, "Bado kidogo, mdogo wangu."

Maulidi ikapita. Jumamosi iliyofuata, baada ya adhuhuri, Valentini alikuja barazani amevaa suruali ya Jumapili, na saa mkononi.

"Shikamoo, Bwana Karani," Mwanaima alisema.

"Marahaba, binti Pazi. Nimeambiwa hapa kuna samaki anayepiga taipu." Akaizunguka mashine mara mbili. Uso wake ukabadilika. "Fundi, hii umeitoa kichwani?"

"Nimeitoa kwenye mikono yake."

Makubaliano yalikuwa mepesi. Ikiwa Mwanaima atapiga kurasa mbili kwa kasi yake ya zamani, Valentini atamwambia meneja kwamba binti ana mashine yake mwenyewe na ataitumia ofisini. Mwanaima akakaa. Mistari ya kwanza ilikwenda, naye akacheka kwa sauti, jambo ambalo hata shangazi yake hakuwa amelisikia muda mrefu. Ahmadi aliinamisha uso asionekane.

Ilipofika nusu ya ukurasa kidole kidogo kilianza kutetemeka. Halafu kidole gumba kikakakamaa pembeni. Mwanaima aliuma mdomo, akaendelea. Mwisho wa ukurasa viganja vyote viwili vilikuwa vimekaza kama vya mtu aliyeshika waya wa umeme, na ilibidi shangazi Siti avinyanyue yeye.

Valentini alifunika saa kwa mkono wa shati. "Si wewe, binti Pazi," alisema taratibu. "Naona wazi kwamba si wewe."

Ahmadi alikuwa amekwisha kuangalia vyuma, spoku, springi. Kila kitu kilikuwa sawasawa na mchoro. Shangazi Siti ndiye aliyeusogelea ukuta, akainua kichwa kuutazama mchoro wenyewe.

"Ulimchora lini?"

"Siku ya hina."

"Ndivyo ninavyoona." Alinyoosha kidole chake chenye weusi wa miaka. "Tazama vidole vilivyotengana. Mtu mwenye hina mbichi hapumziki, baba. Anajizuia. Kidole kisiguse kidole, kiganja kisikunje hina ikapasuka. Mimi nimepaka watu miaka thelathini. Wakishanawa ndipo wanaposhusha mabega, na hapo ndipo wanaponiambia, 'Bi Siti, mikono imechoka.' Imechoka kwa kazi gani? Kwa kazi ya kutulia."

Ahmadi aliutazama mchoro, kisha mdogo wake. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, kaka. Ulisema nisitikisike."

"Ulisema haiumi!"

"Haikuuma, kwa kuwa siku ile sikwenda kazini."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, labda Ahmadi angeamka. Shangazi Siti alisema basi, yatosha, mtoto apumzike sasa hivi, kazi itapatikana nyingine. Na Mwanaima akamtazama kaka yake, akingoja aseme yeye. Watu wachache hupata nafasi ya kurudia kosa lilelile wakiwa wanalitazama. Ahmadi aliona mara moja kosa liko wapi na litarekebishwaje, na furaha ya fundi anayejua kosa lilipo ilimjaa mpaka ikafunika vitu vingine vyote.

"Wiki sita," alisema. "Sasa nimeijua."

Mwanaima akarudi kazini Jumatatu.

Ni kweli alikuwa ameijua. Safari hii aliuliza. Alimuuliza wapi panavuta, wapi panachoma, kidole gani kinaanza. Mchana mmoja, Mwanaima alipokuwa amelala mkekani baada ya chakula, Ahmadi alikaa kando yake na bonge la udongo wa mfinyanzi, akasubiri mpaka pumzi yake ikawa nzito. Mikono haikuwa imelala kifudifudi. Ilikuwa imeegemea ubavu, viganja vinatazamana nusu, vidole vimejikunja kidogo vikikaribiana, kama vya mtu aliyeshika yai la bata na hataki kulibana. Aliweka udongo chini ya mkono mmoja, akaubonyeza polepole. Mkono ulikuwa mwepesi. Alipouinua, kwa mara ya kwanza alihisi mkononi mwake jinsi ulivyokonda, akabaki ameushika, mpaka Mwanaima akafumbua macho.

"Umepata?"

"Nimepata."

Akautazama udongo ule uliokuwa na alama za vidole vyake. "Mdogo kumbe," alisema, akalala tena.

Wiki sita zikawa kumi. Mashine mpya haikuwa na mabawa. Ilikuwa na vilima viwili vya mti vilivyotazamana, na vibonye vimepanda ubavuni mwake kufuata mahali vidole vinapoangukia vyenyewe. Wiki ya tisa, Valentini alimwita Mwanaima pembeni. Alikuwa ameshika barua tatu. Zilikuwa na herufi zilizorukwa, na nyingine zimegongwa mara mbilimbili, kwa kuwa mpigaji hakuwa anasikia kibonye chini ya kidole.

"Hizi nimezizuia," alisema. "Ya nne ilimfikia meneja. Binti Pazi, andika mwenyewe kwamba unaacha. Akiandika yeye, hutapata kazi popote pwani hii. Nimemwomba mpaka Jumamosi. Kama fundi atamaliza kabla ya hapo, njooni na mashine, nami nitapigana."

Ahmadi alimaliza Ijumaa, baada ya sala. Hakuthubutu kumwita Mwanaima kwanza. Alijaribu mwenyewe. Akamwita shangazi Siti, ambaye hakuwahi kugusa mashine, akaweka mikono yake.

"Loo! Kama nimeiweka mapajani mwangu."

Valentini alipita kutoka kazini, akakaa, akaandika ukurasa mzima, na alipomaliza hakuinuka. Alibaki ameiacha mikono pale. "Miaka kumi na sita naumwa bega," alisema, "nikidhani ni ukarani." Kisha akaona kwamba Mwanaima amesimama nyuma yake, akatoka kitini haraka kama mtu aliyekutwa na kitu cha mwenzake.

Mwanaima akakaa. Akaiweka mikono juu ya vilima vile, na ikaingia mahali pake. Vidole kumi vikalala juu ya vibonye bila hata kimoja kutafuta njia. Mabega yalishuka. Akafumba macho.

"Kaka," alisema, "ni nzuri sana."

"Piga."

"Napiga."

Barazani palikuwa kimya. Karatasi ilikuwa nyeupe. Ahmadi aliviona vidole vikigusa vibonye na kuviacha, vikigusa na kuviacha, kwa mpangilio mzuri, kila kimoja mahali pake, lakini hakuna kibonye kilichoshuka.

"Nimefika mstari wa pili?" Mwanaima aliuliza, macho yamefumba.

Shangazi Siti alijifunika uso kwa upande wa kanga. Valentini alitoka nje, akasimama akitazama barabara kana kwamba kuna gari analolisubiri. Mwanaima alifumbua macho, akaiona karatasi. Akaitazama muda. Kisha akaitoa mikono, akaiweka mapajani mwake, na mapajani nako ikakaa vilevile.

"Kumbe," alisema.

Ahmadi alipiga magoti sakafuni kando ya kiti. Alitaka kusema jambo lililokuwa kifuani mwake tangu alipouinua ule mkono uliolala. Alisema, "Springi nitazilegeza. Nitatafuta nyembamba zaidi. Wiki moja tu, Mwanaima—"

"Kaka." Hakuwahi kumkatiza maishani. "Kesho ni Jumamosi. Keti hapa uniandikie barua."

Akasimama, akampisha kiti. Ahmadi akakaa. Alikuwa amevipinda vyuma vile vyote kwa mikono yake, na kila herufi aliilehemu yeye, lakini hakuwahi kujifunza kupiga. Alijua tu kila kitu kinavyoungana. Alinyoosha kidole kimoja hewani, hajui pa kukishusha.

"Kwa Bwana Karani Mkuu," Mwanaima alianza, kwa sauti yake ndogo.

"K iko wapi?"

"Kulia. Kidole cha kati."

Akabonyeza. Herufi moja ikapiga. Wakaenda hivyo, neno kwa neno, yeye akitafuta na Mwanaima akimwelekeza, amesimama nyuma yake, hatazami mashine. Anuani peke yake iliwachukua muda mrefu. Valentini alirudi mlangoni, akaona, akaondoka bila kuaga. Walipofika katikati, Ahmadi akasimamisha kidole.

"Hapa wanataka sababu. Nitie sababu gani?"

Ahmadi hakugeuka. Laiti Mwanaima angetaja jina la kaka yake kuwa ndiyo sababu, angeliandika. Angelitafuta herufi kwa herufi na kuliandika lote.

"Andika ugonjwa wa mikono," alisema Mwanaima.

"U?"

"Kulia, kidole cha shahada, mstari wa juu."

Akabonyeza.

"G?"

"Kushoto, cha shahada. Ingia ndani kidogo, kaka. Hapo."